Maiti ya Hector

Sisi tuliopita katika masomo ya latini na greki, wengi wetu tuliziingia tenzi za kale kupitia mlango wa nyuma. Mwalimu alitupa mistari kumi na mitano, diksionere moja kwa watu watatu, na saa moja. Tulitafuta kitenzi kiko wapi, nani anatenda, nani anatendewa. Tulihesabu silabi ndefu na fupi. Kisha kengele ikalia. Mwisho wa mwaka tulikuwa tumesoma labda mistari mia tatu ya Homère. Na mtu akituuliza kitabu chenyewe kinasema nini, tulijibu bila kusita: vita vya Troie, farasi wa mbao, kisigino cha Achille.

Jibu hilo lilitosha kwa kupata pointi, lakini si la kweli. Farasi wa mbao hayumo katika Iliade. Habari zake zinaguswa katika Odyssée, na anayezisimulia kwa urefu ni Virgile, Mrumi, miaka mia saba hivi nyuma yake. Kifo cha Achille hakimo pia. Mji hauanguki. Utenzi huo wenye vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000 unaishia mahali ambapo darasa letu halikufika hata siku moja: kwenye mazishi ya Hector, yaani mazishi ya adui.

Juu ya nini mshairi alisimama pale? Nimelibeba swali hili miaka mingi, na jibu nililolipata kwa kusoma na kurudia ndilo ninalotaka kuwaeleza wasomaji wa kijitabu chetu. Nafikiri tunazisoma vibaya tenzi na tragedia hizi kila tunapodhani kwamba habari ya mtu inaisha anapokufa. Kwa Wagiriki, na kwa Warumi vilevile, habari ya mtu iliisha alipozikwa. Kati ya kifo na kaburi kulikuwa na muda wa hatari, na kazi nyingi kubwa walizotuachia zimejengwa ndani ya muda huo. Mtu aliyekwisha kulala kilioni kwetu hatashangaa. Kinachonishangaza mimi ni kwamba wataalamu wakubwa, watu waliojua kigiriki kuliko sisi sote, walipita karibu na jambo hili mara nyingi bila kulisimamia.

Tuanze na Iliade yenyewe. Hasira ya Achille inatajwa katika mstari wa kwanza, na hilo kila mwanafunzi analijua. Lakini mbele hatujamaliza mistari mitano, mshairi amekwisha kusema hasira hiyo ilileta nini: ilituma roho za mashujaa kuzimu, na miili yao ikawa chakula cha mbwa na ndege. Hofu hiyo inatembea katika kitabu kizima. Katika kitabu cha 7 pande mbili zinasimamisha vita ili kukusanya maiti. Asubuhi wanakutana uwanjani, na ni vigumu kutambua nani ni nani mpaka waoshe damu kwa maji. Priam, mfalme wa Troie, anawakataza watu wake kulia kwa sauti. Basi wanapakia wafu wao juu ya magari, kimya. Katika kitabu cha 16 Zeus anakubali kwa uchungu kumwacha mtoto wake Sarpédon afe vitani. Mkubwa wa miungu anabaki na jambo moja tu la kumfanyia, kuwatuma Usingizi na Kifo, wale mapacha, wambebe mpaka kwao Lycie ili ndugu zake wamzike. Kitabu cha 17, karibu chote, ni mapigano ya kugombea maiti ya Patrocle. Watu wazima wanakufa kwa ajili ya mwili wa mtu ambaye amekwisha kufa! Mwalimu wetu alikiruka kitabu hicho, akasema kinachosha.

Kisha Achille anamuua Hector. Mbele ya kukata roho, Hector hamwombi uzima. Anamwomba jambo moja: aurudishe mwili wake nyumbani, baba na mama watalipa dhahabu na shaba, ili watu wa Troie wampe haki yake ya wafu. Achille anakataa. Anasema mbwa ndio watakaomla. Anatamani hata yeye mwenyewe angeweza kumla mbichi. Anamtoboa miguu, anapitisha kamba za ngozi, anamfunga nyuma ya gari la farasi na kumburuta, kichwa kikisugua mavumbi, mama yake akitazama kutoka juu ya ukuta.

Hapa wasomaji wa zamani, tangu Platon, waliona ukatili na aibu. Ni kweli, ukatili upo. Lakini tuangalie mshairi anaweka nini karibu yake. Usiku, Achille amelala ufukoni, na mzimu wa Patrocle unamjia. Unamlaumu: umelala, umenisahau. Unamwomba amzike upesi, kwa sababu wafu wengine wanamzuia kuvuka mto, naye anatangatanga nje ya milango ya kuzimu. Ni kusema, mtu huyu anayewanyima wengine kaburi, rafiki yake mwenyewe hajazikwa bado. Na hata nyuma ya kumchoma Patrocle na kufanya michezo ya mazishi, hatulii. Kila alfajiri anamfunga tena Hector na kumzungusha mara tatu kaburi la rafiki yake. Mungu Apollon anaulinda mwili usiharibike. Mimi simwoni Achille hapa kama mnyama. Namwona mtu aliyeshindwa kumaliza kilio, na kwa sababu hajui kukimaliza anamzuia kila mtu mwingine asimalize chake.

Siku ya kumi na mbili miungu wanasema basi. Priam, mzee, anapakia malipo juu ya gari la nyumbu na kutoka mjini usiku, na mjumbe mmoja tu, mzee kama yeye. Watu wa nyumba yake wanamsindikiza wakilia kana kwamba anakwenda kufa. Hermès anamwongoza gizani mpaka kambini. Anaingia katika hema la Achille bila kuonekana, anapiga magoti, na kuibusu mikono ile iliyowaua watoto wake. Anamwambia amkumbuke baba yake mwenyewe, mzee kama yeye, anayengoja kwao mbali. Na wote wawili wanalia pamoja: mmoja anamlilia Hector, mwingine mara baba yake, mara Patrocle.

Mambo yanayofuata ndiyo ninayoyapenda zaidi, na sijawahi kuona mwalimu akiyasimamia. Achille anaamuru wajakazi waioshe maiti na kuipaka mafuta, lakini kando, Priam asiione. Kwa maana mzee akimwona mtoto wake katika hali ile atashindwa kuzuia hasira, na Achille mwenyewe atakasirika na kumuua. Anaijua hatari iliyo ndani yake. Kisha anainyanyua maiti kwa mikono yake mwenyewe na kuilaza juu ya machela. Anamlazimisha mzee ale kidogo, akisema hata Niobé, aliyefiwa na watoto kumi na wawili, mwishowe alikula. Na anauliza swali ambalo kwetu kila mkuu wa kilio angeliuliza: mnahitaji siku ngapi? Priam anahesabu: siku tisa za kumlilia nyumbani, ya kumi kuzika na kula karamu, ya kumi na moja kuinua kaburi, ya kumi na mbili tutapigana tena kama ni lazima. Achille anakubali. Atavizuia vita siku zote hizo.

Hector anarudi. Wanawake watatu wanaongoza kilio, kila mmoja kwa upande wake: Andromaque mke, Hécube mama, Hélène shemeji. Hélène, mwanamke ambaye kwa ajili yake vita vilianza, analia akisema kwamba katika nyumba ile Hector hakuwahi kumtolea neno baya. Wanamchoma, wanakusanya mifupa, wanaweka mawe, wanakula. Kitabu kimeisha.

Sasa, katika karne ya 19, wataalamu waliojitahidi kuigawanya Iliade ili wapate ile ya kwanza kabisa waliona shida na vitabu hivi viwili vya mwisho, mazishi ya Patrocle na malipo ya Hector. Wengine kati yao walisema ni nyongeza ya mikono ya baadaye, kwa maana habari ya hasira imekwisha kumalizika Hector alipoanguka. Odyssée ilipata balaa hilohilo, tena zamani zaidi. Aristophane wa Byzance na Aristarque, wakubwa wa maktaba ya Alexandrie, waliweka mwisho wake katika kitabu cha 23, mstari wa 296, pale mume na mke wanapokwenda kulala nyuma ya miaka ishirini. Ni mwisho mzuri, nakubali. Lakini maiti za wanaume wote waliouawa katika ukumbi wa Ulysse ziko wapi? Ni katika kitabu cha 24, kile kinachotiliwa shaka, tunapokuta roho zao zikilalamika kuzimu kwamba miili bado imelala bila mtu wa kuiosha, na jamaa zao wanakuja kuichukua, wanazika, kisha wanashika silaha. Ukikata pale kwenye kitanda cha arusi, umeiacha nyumba imejaa wafu.

Tragedia inaonyesha jambo hili wazi zaidi kuliko utenzi. Chukueni Ajax ya Sophocle. Mchezo una mistari 1,420. Ajax anajiangusha juu ya upanga wake kwenye mstari wa 865. Inabaki zaidi ya theluthi moja ya mchezo, na katika theluthi hiyo watu wanabishana tu: azikwe au asizikwe? Tangu zamani wasomaji walichoka hapo. Mmoja wa wale walioandika maelezo ya pembeni katika vitabu vya kale anasema wazi kwamba mshairi alitaka kuurefusha mchezo akaupooza. Wa siku zetu wameuita mchezo uliovunjika katikati. Lakini haujavunjika. Ajax alitaka kuwaua wakubwa wa jeshi lake, akarukwa na akili, akachinja ng'ombe na kondoo akidhani ndio wao, akajiua kwa aibu. Je, mtu wa namna hiyo ana haki ya kaburi? Ménélas anasema hapana, Agamemnon anasema hapana. Teucer, ndugu yake, anasimama juu ya maiti na kukataa kuondoka. Na anayekuja kutatua ni Ulysse, adui mkubwa wa marehemu. Anamwambia Agamemnon kwamba alimchukia Ajax alipokuwa hai, lakini kumnyima kaburi ni kuvunja sheria za miungu. Na yeye mwenyewe, Ulysse, siku moja atafika kwenye haja hiyohiyo.

Mwishoni kuna jambo dogo. Ulysse anataka kusaidia katika mazishi. Teucer anamshukuru, anamsifu, lakini anamwomba asiiguse maiti: anaogopa marehemu hatapenda. Sophocle angeweza kuwapatanisha wote kwa urahisi. Hakufanya vile. Alijua kwamba mfu naye ana neno lake katika kilio.

Tufike kwa Antigone, ambayo wengi kati yetu hatukuijua kupitia Sophocle bali kupitia Jean Anouilh. Mchezo wa Anouilh ulionyeshwa Paris mwaka 1944, Wajerumani wakiwa bado mjini, na baadaye ukaingia katika mashule ya kifaransa mpaka kwetu. Ni mchezo mzuri, lakini umetuharibia usomaji wa ule wa kwanza. Katika Anouilh, Créon anamfunulia Antigone kwamba ndugu zake wawili wote walikuwa wahuni, na kwamba miili yao ilisagwa vibaya hata hajui yupi amezikwa kwa heshima na yupi anaoza nje. Mazishi yenyewe yamekuwa maigizo ya mapadri. Antigone anakufa kwa ajili ya nafsi yake, kwa kuyakataa maisha ya kukubali-kubali. Mtu wa Paris wa 1944 alilielewa hilo vizuri. Lakini kwa Sophocle, karibu mwaka 441 mbele ya Kristo, hakuna shaka maiti ni ya nani. Polynice yupo pale nje ya ukuta, harufu inatoka, na walinzi wanakaa upande ule upepo unakotoka ili wasiinuse.

Kuna usomaji mwingine mashuhuri, wa Hegel, ambaye katika kitabu chake cha 1807 aliona hapa haki mbili zikigongana: haki ya jamaa kwa Antigone, haki ya serikali kwa Créon. Tulifundishwa hivyo pia, na ni fikira nzito. Ina faida moja kubwa, kwa kuwa inatulazimisha kumsikiliza Créon. Kusema kweli Waathene waliomsikia hawakumwona mwendawazimu tangu mwanzo. Sheria yao wenyewe ilikataza msaliti wa mji asizikwe katika ardhi ya Attique. Thémistocle, yule aliyewaokoa na Waajemi pale Salamine, alihukumiwa baadaye kwa usaliti akafia ugenini; Thucydide anaandika kwamba, kama jamaa zake walivyosema, mifupa yake ililetwa na kuzikwa Attique kwa siri. Waathene walijua habari ya kaburi la siri.

Lakini sheria ile ilimtupa msaliti nje ya mpaka tu, ambako jamaa zake waliweza kumzika. Créon anafanya zaidi: anaiacha maiti juani, anaweka walinzi, na anayeigusa auawe. Ni hapo mizani ya Hegel inapoinama. Sophocle mwenyewe anaiinamisha, tena baada ya Antigone kuondoka. Antigone anapelekwa kwenye pango lake karibu na mstari wa 943. Mistari mia nne inabaki bila yeye. Anaingia Tirésias, kipofu mwenye kuona. Hazungumzi juu ya upendo wa ndugu wala juu ya sheria zisizoandikwa. Anasema ndege na mbwa wamebeba vipande vya maiti mpaka madhabahuni, sadaka haziwaki, mafuta yanayeyuka tu na kutoa moshi, miungu wamekataa maombi ya mji. Uchafu umeingia mjini kupitia tumbo la ndege. Si fikira mbili zinazogongana tena. Ni kazi iliyoachwa bila kufanywa na sasa inanuka.

Na Créon anapogeuka, tazameni anageukaje. Mkubwa wa waimbaji anamshauri: kwanza mtoe msichana pangoni, kisha umjengee mfu kaburi. Créon anafanya kinyume. Anakwenda kwanza kwa maiti, anaosha kilichobaki, anakichoma kwa matawi mabichi, anainua kaburi la udongo wa kwao. Halafu anakwenda pangoni, na Antigone amekwisha kujinyonga. Hémon, mtoto wake, anajiua mbele ya macho yake. Mke wake anajiua nyumbani. Tumebishana sana juu ya mpango huo na rafiki yangu mmoja aliyesoma seminarini. Yeye anasema Créon alikosea kwa sababu wazima huja mbele ya wafu. Mimi nasema alikosea tangu siku ya kwanza, na baada ya hapo hakukuwa na mpango mzuri tena. Kila mahali angeanzia, angechelewa mahali pengine. Mwaka 1988, ng'ambo ya mto, Sylvain Bemba wa Brazzaville aliichukua habari hii na kuifanya ya mchumba wa rais wa Kiafrika aliyeuawa, katika mchezo wake uitwao Noces posthumes de Santigone. Hakuwa na haja ya kuipindua sana.

Msomaji anaweza kusema: haya ni mambo ya washairi, watu wa kawaida wa Athene walikuwa na kazi nyingine. Basi twende kwa wanahistoria. Mwaka 424 mbele ya Kristo, Waathene walishindwa na Wabeotia pale Délion. Walipoteza askari karibu elfu moja wa silaha nzito pamoja na jenerali wao Hippocrate. Desturi ya Wagiriki wote ilikuwa kwamba aliyeshindwa anatuma mjumbe kuomba maiti, na mshindi anazitoa. Safari hii Wabeotia walikataa: Waathene walikuwa wameligeuza hekalu la Apollon kuwa ngome, basi watoke kwanza. Maiti zilibaki mpaka siku ya kumi na saba. Haukupita muda mrefu, karibu mwaka 423, Euripide aliwaonyesha Waathene tragedia ya Suppliantes: mama za majemadari waliokufa mbele ya milango ya Thèbes wanakuja kumwomba Thésée, mfalme wa Athene, awarudishie watoto ambao Thèbes, mji mkubwa wa Beotia, unakataa kuwatoa. Katika uwanja ule wa teatri walikaa baba na ndugu za watu wa Délion. Mjumbe anasimulia kwamba Thésée aliwaosha wafu vidonda kwa mikono yake mwenyewe. Ukiusoma mchezo huo bila Délion, unaweza kuuona ni hotuba ndefu za kusifu Athene. Ukiwa na zile siku kumi na saba kichwani, nani atakosa kusikia?

Hasira hiyohiyo ilikuja kuwageuka wenyewe. Mwaka 406 walishinda vita vya baharini pale Arginuses, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa watu wa merikebu zilizovunjika na kuwaokota wafu. Majenerali wanane walihukumiwa kufa; sita waliokuwepo mjini waliuawa, mmoja wao mtoto wa Périclès. Socrate, aliyekuwa siku ile kati ya wasimamizi wa mkutano, alikataa kuipokea hukumu hiyo kwa sababu haikufuata sheria. Majenerali walioshinda! Msomaji wa leo anaona wazimu wa umati, na hakosei kabisa. Lakini wazimu ule ulikuwa na mzizi.

Thucydide anaeleza pia namna Waathene walivyozika watu wao wa vita. Mifupa iliwekwa katika masanduku kumi ya mti wa mvinje, moja kwa kila kabila la mji. Nyuma yake kilibebwa kitanda kimoja kitupu, kimetandikwa vizuri, kwa ajili ya wale ambao hawakupatikana.

Niliposoma hayo mara ya kwanza niliyaona kuwa ni desturi nzuri ya watu wa mbali. Sivyo niliyasoma mwaka 2022. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, huku kwetu Katanga, na mwili wake ukakatwa na kuyeyushwa katika asidi ili pasiwe na kaburi. Mwaka 2020 binti yake Juliana alimwandikia mfalme wa Ubeljiji akiomba mabaki ya baba yake. Mabaki hayo yalikuwa jino moja. Tarehe 20 mwezi wa sita 2022 familia ilikabidhiwa jino hilo Bruxelles; likawekwa katika jeneza la mtu mzima, likapitishwa Sankuru, Kisangani, na Shilatembo pale alipouawa, kisha tarehe 30 likazikwa Kinshasa. Walikuwepo watu waliouliza: jeneza zima kwa jino moja lina kazi gani? Thucydide hasemi kama yuko Mwathene aliyeuliza kitanda kitupu kina kazi gani.

Warumi waliyapokea haya yote, na Virgile alikuwa msomaji mkali wa Homère kuliko mtu yeyote. Katika kitabu cha 6 cha Énéide, wasiozikwa wanazunguka miaka mia moja kando ya mto wa kuzimu mbele ya kuvushwa. Palinure, mwongozaji wa merikebu aliyeanguka baharini, anamshika Énée na kumwomba amvushe kwa nguvu. Anakataliwa, anachopewa ni ahadi kwamba wenyeji watamzika na mahali pale pataitwa kwa jina lake. Mpaka leo rasi hiyo ya Italia inaitwa Palinuro. Lakini mahali Virgile anapoumiza zaidi ni pale anapomchukua Priam wa Homère, mzee yule aliyerudisha maiti ya mtoto wake, na kumwacha yeye mwenyewe bila kaburi. Pyrrhus, mtoto wa Achille, anamuua kwenye madhabahu, na mwisho tunaona kiwiliwili kikubwa kimelala ufukoni, kichwa kimekatwa, mwili bila jina. Servius, mfafanuzi wa kale wa Virgile, alisema hapa mshairi anagusa habari za Pompée, aliyeuawa Misri mwaka 48 mbele ya Kristo na kukatwa kichwa. Warumi waliosikia mistari hiyo walikuwa wametoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Suétone anasimulia kwamba nyuma ya vita vya Philippes, mwaka 42, mfungwa mmoja alimwomba Octave, atakayeitwa Auguste, angalau kaburi. Akajibiwa kwamba hilo ni shauri la ndege. Virgile alikuwa wakati ule kijana asiyefika miaka thelathini. Auguste huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wake.

Kwa hiyo mwisho wa Énéide usomwe kando ya mwisho wa Iliade, si peke yake. Turnus amejeruhiwa paja, amepiga magoti. Anamkumbusha Énée baba yake Anchise, sawa na Priam alivyomkumbusha Achille wa kwake, na anaomba arudishwe kwa baba yake mzee Daunus, yeye au, kama Énée anapenda zaidi, mwili wake tu. Énée anasitasita. Anaona begani mwa Turnus mshipi wa Pallas, kijana aliyemwamini na aliyeuawa na Turnus. Anamchoma upanga. Roho inakimbilia kuzimu kwa uchungu, na shairi limeisha. Maiti imerudishwa? Hatuambiwi. Wataalamu wanagawanyika: wengine wanaona haki imetendeka na Roma inaweza kuzaliwa, wengine, hasa tangu nyuma ya vita vya pili vya dunia, wanaona mwanzilishi wa Roma ameshindwa kushika alichojifunza kutoka kwa baba yake. Tunajua kwamba Virgile alifariki mwaka 19 mbele ya Kristo bila kuisawazisha kazi yake yote, lakini siamini kwamba alisahau mstari kuhusu maiti. Homère aliacha vita bila kumaliza ili amalize mazishi. Virgile alimaliza vita na kuacha mazishi.

Kuna msomaji mmoja ambaye hakuweza kuvumilia. Mwaka 1428 kijana Mwitalia, Maffeo Vegio, aliandika kwa kilatini kitabu cha 13 cha Énéide, na kwa muda mrefu wachapaji walikitia nyuma ya vitabu 12 vya Virgile. Siku hizi wengi wanakitaja kwa kucheka kidogo. Mimi simcheki. Mbele ya kumfikisha Énée kwenye arusi yake na Lavinia, Vegio anairudisha maiti ya Turnus nyumbani, na kumwacha Daunus ailie.